Ngeli ya Falaji

Ubao niliugawa kwa mstari wa wino wa buluu:
kulia vyenye uhai, kushoto visivyo nao.
Darasa la nne, Mudhairibu, mwezi wa tano,
feni inazungusha joto lile lile.

Wakaanza. Mtende, kulia. Mbuzi wa kina Muhanna, kulia,
na Muhanna akaongeza jina lake mwenyewe, akachekwa.
Jiwe, mchanga, chumvi inayoganda ukingoni: kushoto.
Kivuli kilitugombanisha kidogo.
Jua nalo, kwa kuwa linauma, mmoja alitaka kulihamisha.

Ghaniya binti Hamyari aliandika falaji
upande wa kulia, kwa herufi nene,
nami nikamtia alama ya kosa, nyekundu.

Darasani tunasema Kiarabu.
Ila Ghaniya akinikasirikia hunigeuzia Kiswahili
cha bibi yake aliyezaliwa Wete:
"Mwalimu, mbona ana mama?"
Ni kweli. Kile kisima cha kwanza, chini ya mlima,
watu hukiita mama wa falaji.
"Na mbona jana babu kasema amekufa?"

Imekufa, nikamsahihisha. Falaji imekufa.
"Amekufa," akasema, akakaa.

Usiku, nasahihisha madaftari sebuleni,
ngeli zikanikwama kooni kama mwiba wa changu.
Lugha yangu humpa kunguni a-,
chawa a-, kupe a-,
na mtende uliolisha ukoo mzima ikaupa u-,
sawa na mkeka, sawa na mfuko.
Mtende umezaa. Mtende umekatwa. Mkeka umechanika.
Halafu maiti:
maiti ameoshwa, maiti amezikwa,
a- hadi mwanandani,
na hakuna anayemtia alama nyekundu.

Alfajiri nikateremka mferejini.
Mashine za mashamba mapya kule juu
zilikuwa zimevuta mwezi mzima.
Saruji ya kale, udongo uliochomwa kwa magogo ya mitende,
mti uliogeuzwa jiwe,
ilikuwa na nyufa ambamo mwani ulikauka
kama rangi ya mlango inayobanduka.
Kwenye kidimbwi kimoja, ukubwa wa sinia,
visamaki kumi na viwili, labda kumi na vitatu,
wale wanaokunyonya ngozi ya miguu ukiwaachia,
vinywa juu, wanakunywa hewa.
Nyigu anachota tope la nyumba yake.
Na kijiti cha kupimia zamu kimesimama pale pale,
kivuli chake kinazunguka kwa uaminifu
kikigawa maji yasiyokuwepo:
nusu saa ya fulani,
nusu saa ya wakfu wa msikiti.

Samaki nikawatia ndooni.
Maji ya bomba yaliwaua wanne kabla ya adhuhuri.

Mvua ilinyesha mlimani shule imeshafungwa.
Sisi huku hatukupata tone.
Siku ya tatu watoto wakaja mbio kandokando ya mfereji,
mbele ya kitu kilichokuja kwa mwendo wa mtoto anayetambaa:
ulimi wa maji, kahawia,
unasukuma mende wakavu, kokwa, makuti, kifuniko cha soda,
unasimama kwenye kila ufa,
unaushibisha kwanza, ndipo unaendelea.

Aliyekuwa nyuma yangu akauliza kuna nini.
"Anakuja," nikasema.

Ghaniya hakuwapo kunisikia.
Alikuwa kwao na matubwitubwi,
kitambaa kimefungwa toka kidevuni hadi utosini,
na daftari lake lingali kwangu.
Wino mwekundu haufutiki kwa kifutio cha penseli.
Nilijaribu. Karatasi ikatoboka.